Nilificha Ugonjwa wa Mdogo Wangu Nisikose Pesa ya Kupunguza Kilo

Nilikosa. Sitaki kusema ni shetani, wala umaskini. Ni miye. Ilibaki kidogo tu nimzike mdogo wangu.

Nauza samaki wakavu wa Kilwa, ile ya ziwa Mweru, sokoni hapa Lubumbashi, Kongo, katika komine, yaani mtaa, unaoitwa Kenya. Mimi ni mama mnene. Kutwa nzima nimeketi nyuma ya samaki, jioni bukari, ndiyo ugali wetu, nalala. Serikali ilipoleta mpango wa kuwalipa prime, pesa ya zawadi, watu wanene wakipunguza kilo, mimi nilikuwa wa kwanza kufika kituo cha afya. Walinipima uzito, wakanitoboa kidole wapime damu, wakasema: "Afya yako iko mu mikono yako. Rudi kisha miezi tatu. Ukipunguza, prime itakuja ku simu."

Nilijaribu kufunga, njaa ikanishinda. Nikajaribu kutembea asubuhi, magoti yakauma. Nikaacha. Lakini nilikuwa nimeshawatangazia majirani wote kwamba kwa ile prime nitanunua friji ya kuwekea samaki wabichi. Aibu gani hiyo!

Hapo nikamfikiria Bibiche. Ni mdogo wangu, tumbo moja, sura moja. Hata wateja wanatuchanganya. Zamani alikuwa mnene kama mimi, lakini mwaka huo alikonda bila kufanya lolote. Sote tulimsifu! Hakuna aliyejiuliza anakonda kwa nini.

"Enda mu nafasi yangu," nikamwambia. "Utasema jina yangu, utapanda ku mizani, basi."

"Yaya, na bakinijua?" Yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Nani atakujua? Bantu beko bengi kule."

Alikubali. Tangu mama yetu afariki, neno langu hajawahi kulikataa.

Miezi mitatu ilipotimia akaenda, wakampima uzito, wakamtoboa kidole pia. Kesho yake simu yangu ikalia. Muuguzi wa kituo.

"Maman, kilo zilipunguka, lakini sukari mu damu yako iko juu sana. Ni hatari. Rudi leo, usingoje."

"Sukari yangu?" Nilikaribia kucheka. Halafu nikakumbuka. Ile damu ni ya Bibiche!

Niliogopa, jamani. Bibiche akienda kutibiwa watauliza, watajua tulidanganya, prime itapotea, labda na polisi watakuja. Nikajiambia, acha prime iingie kwanza, kisha nitamwambia. Jioni akaniuliza mwenyewe: "Yaya, balisema nini juu ya damu?"

"Balisema yote iko muzuri."

Prime ikaingia. Nikanunua friji. Na bado sikumwambia! Kila siku iliyopita kinywa kilizidi kuwa kizito, maana angeniuliza kwa nini sikusema jana. Namba ya kituo ikitokea kwenye simu, naizima. Bibiche alikuwa anakuja sokoni, anakunywa maji chupa kwa chupa, analalamika kidonda cha mguuni. Kandambili ilimchubua, hakikauki. Namtazama, namwongezea maji.

Asubuhi moja mume wake, papa Tresor, akanipigia. "Yaya, kuya mbio! Bibiche alianguka, hasikie tena!"

Nilimkuta kwenye dispansari ya kartie, pale mtaani kwao. Anapumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia mbali, macho yako wazi nusu, hayamwoni mtu. Kinywa kinanuka kama matunda yaliyooza. Walisema ni malaria, imemmaliza nguvu. Muuguzi wa pale akaja na serumu ya sukari, dripu ya kumtia nguvu, akaanza kutafuta mshipa.

Serumu ya sukari! Nilipiga kelele mpaka watu wa nje wakaingia. "Acha! Iko na ugonjwa ya sukari! Utamuua!"

"Nani alikuambia?"

"Mupime! Mupime tu!"

Wakampima. Mashine ilishindwa hata kuandika namba, sukari ilikuwa imepita kipimo chake.

Tulimkimbiza hospitali kubwa. Ndani ya taksi nilimshika kichwa nikitaka kusali, na maneno hayakuja. Ningemwambia Mungu nini? Alikaa siku kadhaa bila kujijua, kisha akaamka. Lakini mguu ulikuwa umeoza. Waliukata chini ya goti.

Na mimi nikawa shujaa! Kanisani walisema Mungu alinifunulia ule ugonjwa. Wakaniita mbele nitoe ushuhuda. Niliposhika maikrofoni nikalia tu, na watu wakapiga makofi. Sijawahi kuogopa namna ile.

Kisha papa Tresor akawaka. "Bale ba kituo balimupima, bakasema iko muzuri! Kesho minaenda kule. Ule maman infirmière ataacha kazi!"

Hapo nikashindwa. Yule muuguzi alinipigia simu, tena na tena, mimi ndiye niliyekuwa naizima. Nikapiga magoti kwenye sakafu, mbele yake na Bibiche, nikasema yote.

Papa Tresor akatoka nje. Bibiche hakulia.

"Yaya, wakati ulikuwa unanipa mayi ya kunywa, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akageukia ukuta.

Nilikwenda kituoni nikamweleza muuguzi. Jina langu likafutwa kwenye mpango, friji nikaiuza nirudishe pesa ya serikali. Hayo hayaniumi. Bibiche hataki niingie kwake. Chakula nampelekea, watoto wanakipokea mlangoni. Nikiwa pale nje namsikia anajifunza kutembea na magongo. Siku nyingine anaanguka, na mimi siwezi kwenda kumwinua.

Ninyi mnaoandikishwa kwenye mipango hii, nisikilizeni. Kilo zikikataa kushuka, rudi hivyo ulivyo, useme nimeshindwa. Watakucheka, utakwenda nyumbani mzima. Usimpandishe mtu mwingine kwenye mizani yako! Na ukijua habari ya ugonjwa wa mtu, hata kama uliipata kwa udanganyifu, mwambie leo. Akutukane leo.

Mimi nilikuwa nangoja nipate maneno mazuri ya kumwambia. Nilipofungua kinywa, mguu wake tulikuwa tumeshauzika.