Mti Uliovikwa Chandarua

Kwa miaka kumi na saba kazi yake katika shamba la utafiti ilikuwa moja: kuyavika matawi ya milozi, miti izaayo lozi, mifuko ya kitambaa chepesi kabla maua hayajafunguka, nyuki asije akaleta chavua ya mti mwingine. Tawi likizaa ndani ya mfuko, basi mti huo unajichavusha wenyewe. Mamia ya milozi ya aina mpya ilipita mikononi mwake, na mifuko ilishuka mitupu. Wenzake wakamwita Mama Mifuko, naye akalipokea jina kama cheo.

Uani kwake ulisimama mlozi mmoja alioachiwa na babake. Kila mwaka ulichanua hadi wapita njia wakaduwaa, na kila mwaka haukutoa hata punje. Mlozi wa kawaida hauzai bila mwenziwe, na mwenye ua wa hatua kumi ataupanda wapi wa pili?

Kisha kule shambani mti namba sitini na moja ukazaa ndani ya mifuko mitatu.

"Mama, mifuko mitatu si ushahidi," alisema mkuu wa utafiti. "Nyuki ni mjanja kuliko mifuko yako." Shina lilikwisha kupigwa rangi nyekundu, alama ya kukatwa.

"Nipe msimu mmoja, Mkuu. Nitauvika mti mzima."

"Mzima?" Akacheka. "Haya. Usipozaa, msumeno."

Mumewe, fundi cherehani, alishona chandarua cha kuufunika mti huo kwa wiki mbili. "Wenzangu wanashonea maharusi, mimi nashonea mti. Na hauna hata kiuno!"

"Shona, Baba. Mteja huyu halalamiki."

Maua yalipokaribia kufunguka, Mama Mifuko alifukia pindo udongoni kwa mikono yake, na kila asubuhi akakagua mshono kwa mshono. Nyuki walitambaa nje ya chandarua wakivuma kwa hasira. Ndani kulikuwa kimya. Siku petali zilipoanza kudondoka, aliingia, akajikuta anatembea kwa ncha za vidole kama aliye karibu na mtoto aliyelala. Palipokuwa na ua, sasa palikuwa na kijitunda cha kijani chenye manyoya. Tawi hili, na lile, mpaka kileleni. Akakaa chini.

Ikabaki hofu moja. Mlozi unaweza kuzaa tele na lozi zake zikawa chungu, na uchungu ule ni sumu. Mti wa namna hiyo hauna mtetezi.

Siku ya mavuno mkuu alibonyeza ganda kwa vidole, likapasuka. Akaigawa punje nusu kwa nusu.

"Tangulia, mama."

"Mwenye shahada ni wewe, Mkuu."

Wakatafuna pamoja, macho kwa macho. Utamu ulikuja polepole, mzito kama maziwa. Mkuu alivua kofia, akayatazama matawi.

"Yote haya," akauliza, sauti imeshuka, "mti umeyafanya peke yake?"

"Peke yake."

Mkuu akachomoa kisu. Mama Mifuko akashtuka, lakini kisu kilikata kijiti kimoja tu chenye macho matano ya kuchipukia, kipandikizi cha kuungwa kwenye mlozi mwingine. Akakifunga kwa kitambaa kibichi, akampa.

"Ule mlozi wa babako bado upo?"

"Upo, Mkuu," alisema, akikitia kipandikizi ndani ya mfuko wake mmoja wa zamani. "Unangoja."