Fundi wa Kompyuta wa Dunda

Ilikuwa mwaka 2022. Hapana, nasema uongo, 2023, binti yangu Hajra aliponunua laptopu mpya ya kuchorea khanga. Kwenye kioo chake nyeupe yote ilitoka manjano, na mwenye kiwanda cha khanga alitaka mchoro kabla ya adhuhuri, la sivyo kazi angempa mwingine. Tukaipeleka kwa fundi wa kompyuta wa mtaa wa Dunda. Fundi huyo haamkii mtu. Kila mashine huipangusa kwa ncha ya shati, huizima, huiwasha, huguna kama daktari, kisha huipangusa tena. "Mzee, hayo ni macho yako tu," akaniambia. Hajra akachoka, akatafuta mwenyewe, akakuta mpangilio wa mwanga wa usiku, ule unaotia kioo umanjano, umewashwa, akauzima, nyeupe ikarudi. "Nilijua tangu mnaingia," fundi akasema. Nikamuuliza fundi taratibu, "Sasa mwanangu, ulikuwa unamngoja nani?" Akaivuta laptopu, akaipangusa tena kwa ncha ya shati.