Zamu ya Mkuu wa Kitivo

Kwiii! Mlio ule, uliofuatwa papo hapo na sauti yangu mwenyewe ikinirudia kutoka kwenye spika za uwanja, ndio ulionijulisha kwamba kipaza sauti nilichoamini nimekizima kilikuwa hai. Aibu hii naikiri kwa hiari, maana waliokuwepo Guangzhou mwishoni mwa miaka ya tisini wameshaisimulia vibaya vya kutosha.

Ilikuwa mechi ya besiboli, walimu wa chuo chetu kikuu dhidi ya wanafunzi wa kigeni. Mimi, msomi wa takwimu nisiyewahi kushika rungu la mchezo huo, niliteuliwa mwandishi na mtangazaji wa alama kwa sababu nilikisoma kitabu cha sheria mpaka tanbihi (nani mwingine husoma tanbihi?). Aliyeniteua ni Profesa Liang, msimamizi wangu, ambaye wiki ileile alikuwa akimwomba Mkuu wa Kitivo aniidhinishie nafasi ya shahada ya uzamivu. Pasipo saini ya Mkuu, ningefungasha virago kurudi Dar.

Basi, awamu ya mwisho, walimu wakiwa nyuma na mmoja wao ameshatolewa, Profesa akaingia, akaupiga mpira vizuri kwa mara ya kwanza maishani mwake, akafika kituo cha kwanza akipunga mikono kama aliyekomboa nchi. Kasoro ndogo tu: zamu ilikuwa ya Mkuu, aliyekuwa kivulini akinywa chai. Sheria iko wazi: wapinzani wakilalamika kabla ya mpira unaofuata kurushwa, pigo linafutwa, wasipolalamika, limehalalika, na mwandishi wa alama haruhusiwi kumdokezea mtu yeyote. Ningenyamaza, yangekwisha. Lakini rafiki yangu Mwanaidi, aliyeacha kununua nguo zake za jumla katika soko la Zhanqian ili aje kunitazama, akauliza, "Shoga, mbona umekodoa macho?" Nami nikaamua (uamuzi wa busara kabisa) kumnong'oneza kwa Kiswahili, lugha ambayo, kwa utafiti wangu makini, hapakuwa na mchezaji aliyeijua.

"Profesa wangu kaparamia zamu ya Mkuu. Wakilalamika sasa hivi, kwisha kazi."

Spika zikautangazia uwanja mzima. Umati haukuelewa kitu, isipokuwa Kasongo, mdakaji wa timu ya wageni, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye siku zote nilimsalimu kwa Kifaransa changu kibovu. Akavua kinga yake ya uso, akaniita dada kwa Kiswahili cha kwao.

"Merci mingi, yaya! Arbitre! Ule muzee amepiga, haikukuwa tour yake!"

Alipoyarudia kwa Kichina, mwamuzi akaniomba nithibitishe. "Ndiyo" ingetosha. Nami, kwa kupenda ukamilifu, nikaeleza kwa Kichina, kwenye kipaza sauti kilekile, kwamba anayetolewa si Profesa bali ni Mkuu, japo hajagusa rungu. Kwamba sifa ya kumtoa huandikiwa mdakaji, japo hakufanya lolote (Kasongo akainama kwa madaha). Na kwamba anayefuata baada ya Mkuu ni Profesa, yuleyule, tena. Mkuu akaweka kikombe chini taratibu. Profesa akarudi, akapiga hewa mara tatu, akawa wa tatu kutolewa, mechi ikaisha.

"Sokoni kwetu laoban, mwenye duka, hakosei, mwenzangu," Mwanaidi akaniambia. "Hata akikosea, unakohoa tu."

Nimeapa kutonong'ona tena, kwa lugha yoyote, karibu na waya wa umeme. Ila kiapo hakikuniondolea lililobaki: kila jioni nilisimama mbele ya simu ya kadi ya bwenini nikipanga sentensi za kuomba radhi, nikizifuta, nikizipanga upya, hadi nikampigia Profesa.

"Mwalimu, ni mimi, Rehema."

"Najua. Mkuu kaniuliza kama yule msichana wa kipaza sauti ndiye ninayemwombea nafasi."

"Ukamjibuje, Mwalimu?"

"Nilimwambia siye. Ni mwingine, anafanana naye."

(Katika kitivo kizima msichana Mwafrika nilikuwa peke yangu.)

"Akakubali?"

"Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akatia saini. Kwa hiyo mkikutana, wewe hukuwepo uwanjani."

"Lakini Mwalimu, kwa usahihi, karatasi ya alama ina jina langu kamili na..."

"Rehema."

Nikakohoa tu.