Kofia ya Utepe wa Kijani

Marietha anauza kofia katika soko la Lushoto, na ukitaka kucheka, cheka, maana Lushoto si mahali pa kuhitaji kofia ya jua. Huku watu wanahitaji sweta. Kuna miezi ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na wauza mboga wanapuliza vidole. Kofia zake hununuliwa na wanaoondoka: watalii wanaokwenda kutembea msituni, walimu waliohamishiwa Mnazi huko bondeni, wachuuzi wanaoshuka Mombo na kuendelea mbele. Yeye huwavisha, huwaambia wageuke kushoto na kulia, huwatakia safari njema, kisha hupanga tena meza yake.

Basi kwaya ya akina mama ya usharika wake ilipoalikwa kuimba Tanga, mwezi wa Februari, jua la kule likiwa halina huruma, wote walisema suala la kofia aachiwe Mama Wema. Ndivyo anavyoitwa, Mama Wema. Na wanaomwita hivyo kwa tabasamu ni walewale waliomsema huyo Wema mpaka midomo ikawakauka, alipoolewa bomani na kijana Mwislamu.

Kijana huyo, Fahadi, ni fundi pikipiki. Amekulia Muheza kwa mjomba wake, mzee Sharifu, Mbondei asiyefanya mzaha na mila. Mzee Sharifu aliwahi kupanda mlima na ndugu zake kuja kuposa, na Eliudi, mume wa Marietha, akawarudisha mlangoni bila kuwapa hata maji. Marietha alikuwa jikoni. Alisikia kila neno na hakutoka. Tangu siku hiyo njia ikafungika, kwa sababu mama mkwe hajipeleki nyumbani kwa mkwewe. Sharti aitwe, na aitwe na wazee, kwa adabu zake. Ajipeleke mwenyewe aonekane hana haya?

Sasa Eliudi ni marehemu, na Wema, anayeishi Tanga na Fahadi, amejifungua mtoto wa kike. Marietha ana mjukuu ambaye hajamtia machoni. Kwa simu, mama na binti wakiongea Kishambaa kwa sauti ya chini, walipanga jambo lao. Kwaya itakapofika Tanga, Fahadi na mjomba wake watakuja pale kanisani, wamsalimu Marietha mbele za watu na kumkaribisha rasmi. Akishaitwa hivyo, atatoka na wakwe zake mchana uleule, akamwone mtoto, na siku ya arobaini atashuka tena kwa heshima zote. Wema mwenyewe asingeweza kuja, kwa kuwa bado yuko ndani. Na Fahadi hajawahi kumwona mama mkwe wake, wala hana picha yake, kwa maana Marietha anatumia simu ya kitochi na Wema aliondoka nyumbani na nguo alizovaa.

Marietha akamwambia binti yake asihofu, kuna kofia.

Hakuna mtu aliyewahi kuchagua kofia kwa moyo kama alivyochagua yeye. Abubakari, anayemletea mali kutoka Tanga, alimletea za aina tatu za kujaribu. Ya kwanza ilikuwa ya ukili, nzuri, yenye hewa, lakini aliikunja mara moja tu ikalia na kupasuka kwenye ukingo. Ya pili ilikuwa ya nailoni, inakunjika mpaka inaenea kiganjani, ila aliivaa akipalilia mahindi na kabla hajamaliza mstari kichwa kilikuwa kimeiva. Ya tatu ilikuwa pama ya pamba nzito, rangi ya udongo, ukingo wake mpana umeshonwa mistari mingi ya uzi. Hiyo aliizungusha kama chapati, akaiweka chini ya debe la mahindi usiku kucha. Asubuhi akaikung'uta, ikasimama kama haijaguswa. Akaiinua juani atazame kama mwanga unapenya, haukupenya. Akaishonea kamba ya kufunga kidevuni, kwa sababu aliambiwa upepo wa pwani ni mwizi wa kofia.

Zilipofika zote alizishonea utepe wa damu ya mzee, rangi ya sare yao. Utepe ukaishia kwenye kofia ya mwisho, na ya mwisho, kama kawaida, ilikuwa yake. Akatafuta kipande cha kijani kilichobaki kwenye gauni la Wema la kipaimara akakishona hapo. Alipomaliza akaona kumbe imekuwa vizuri zaidi. Akampigia Wema: mwambie mwenzio, wote tutakuwa na kofia moja, ila mimi peke yangu nina utepe wa kijani.

Mwenyekiti wa kwaya, Devotha, hakutaka kofia hizo. Alisema zinakunjwakunjwa kama matambara na kwamba kiongozi hawezi kufanana na kila mtu. Akajinunulia yake ya ukili mgumu, pana kama ungo, yenye ua pembeni.

Asubuhi ya safari walikusanyika uwanjani mbele ya kanisa, wamejitanda kanga juu ya sare kwa baridi. Marietha alikuwa amefika wa kwanza. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na kofia yake imezungushwa, sweta dogo la pinki alilofuma mwenyewe, na maharage mabichi ya kumpelekea mzazi. Gari likaja, na halikuwa basi kubwa waliloahidiwa. Lilikuwa Kosta. Vyombo vikapakiwa kwanza, spika na kinanda, kisha watu wakapanda, wakaanza kuhesabiana viti kwa macho.

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi. Mwalimu wa kwaya, Alen, akasema sauti ya kwanza hawezi kupunguza. Devotha akapitisha macho kwa wote, taratibu, na Marietha aliyajua macho hayo yatakapotua kabla hayajatua.

"Mama Wema atatusaidia," Devotha alisema. "Sauti ya pili wako wengi, na yeye ni mtu wa kuelewa."

Mtu wa kuelewa! Maisha yake yote amekuwa mtu wa kuelewa. Chakula cha msibani kikipungua, Marietha ataelewa. Mume akiamua binti asitajwe ndani ya nyumba, Marietha ataelewa. Watu wamegundua kwamba kuna mwanamke ambaye ukimkanyaga anasogeza mguu ili ukanyage vizuri, na wakishagundua hawaachi. Angeweza kusema pale pale kwamba nina mjukuu Tanga, wakwe zangu wananisubiri getini. Lakini kulisema hilo ni kulitaja jina la Fahadi mbele ya wanawake waliolitafuna miaka mitatu, tena mbele ya Kosta linalounguruma. Akasema haya, hakuna shida. Akashuka.

Hapo ndipo mtu aliyekuwa anasukuma spika nyuma ya gari alipoweka goti juu ya mfuko wa Devotha. Kofia ya ukili ikavunjika vipande viwili na ua likaanguka chini. Devotha akaitazama, akawatazama wenzake wote wenye kofia zao zilizotulia mapajani, kisha akatoa kichwa dirishani.

"Mama Wema, hiyo yako si huitumii leo? Nipe nisitie aibu huko."

Na Marietha akafungua mkoba akampa. Akatabasamu kabisa. Wakati ule mawazo yake yalikuwa kwa mtoto tu, kwamba hatamwona, na kofia ilikuwa kitu kidogo. Devotha akaikung'uta, ikafunguka vizuri, akausifu ule utepe wa kijani, akasema hii hasa ndiyo ya kiongozi. Gari likaondoka. Lilipopinda kona ya kuteremkia Soni ndipo Marietha akakumbuka kazi ya ule utepe wa kijani.

Alipiga simu kwa Wema akiwa bado amesimama uwanjani. Wema akasema Fahadi ametoka alfajiri kumfuata mjomba Muheza, na simu ameiacha, kwa kuwa nyumba nzima ina simu moja na mzazi hawezi kuachwa bila simu. Akampigia Devotha. Akampigia Jesca, mwanakwaya mwenzake wa sauti ya pili. Simu ziliita mpaka zikachoka, maana ni sheria ya kwaya hiyo kwamba simu zote hufungiwa kwenye begi moja siku ya kuimba, na sheria hiyo aliipendekeza Marietha mwenyewe. Mabasi ya Tanga yalikwishaondoka gizani. La baadaye lingemfikisha wakati kwaya inageuza. Na angefika vipi, peke yake na mkoba, akawaulize watu getini mkwe wangu yuko wapi? Alirudi nyumbani, akayamenya yale maharage na kuyabandika, kisha akayasahau jikoni mpaka yakaungua.

Jioni Jesca ndiye aliyepiga. Alikuwa na furaha, walikuwa wameimba vizuri, jua lilikuwa kali na kofia zimewaokoa. Marietha akamuuliza kama kuna kijana na mzee waliofika getini. Jesca akasema ndiyo, mbona, na akasimulia bila kujua anachosimulia.

Walikuja wakati kwaya inapumzika chini ya turubai karibu na geti. Kijana alisimama hatua chache kutoka kwa Devotha, macho chini, hakuyainua hata mara moja. Akasema shikamoo mama, akaweka miguuni pake doti ya kanga iliyofungwa vizuri, akarudi nyuma. Adabu iliyoje, alisema Jesca, vijana wa siku hizi huwaoni hivyo. Yule mzee ndiye aliyezungumza. Alisema, "Mama, yaliyopita yamepita. Mlango wa nyumba yetu uko wazi, tunakuomba uingie." Devotha alidhani ni majirani wa kanisa wenye ukarimu. Akaitikia marahaba, akazichukua kanga, akawaambia, "Asanteni sana, lakini sisi hatuingii kwa mtu leo. Tuna ratiba yetu." Mzee akasimama kidogo, akauliza ndivyo unavyosema, mama? Devotha akasema ndivyo. Wakaondoka.

Marietha alimshukuru Jesca kwa habari na kukata simu. Alikaa kitako kwenye kiti cha jikoni, na alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Alimlilia Eliudi aliyefunga mlango ule, na akajilaani mwenyewe aliyeukalia kimya. Mzee Sharifu alirudishwa mlangoni kwake mara ya kwanza. Sasa amerudishwa mara ya pili, mbele za watu, na mara hii aliyemrudisha alikuwa amevaa kofia yake.

Wema alipopiga usiku huo Marietha alimweleza yote, toka Kosta mpaka spika. Wema akasema atamwambia Fahadi, na Fahadi atamwambia mjomba.

Siku ya pili Devotha akafika mezani kwake sokoni na kofia ndani ya mfuko wa plastiki. Aliisifu, akasema ameikalia njia nzima ya kurudi na haikupata hata kovu. Akasema pia ina bahati, amepewa kanga nayo. Marietha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alimwomba kitu. Alimweleza kuhusu Wema, kuhusu mtoto, kuhusu wale watu wawili getini. Akamwomba ampigie mzee Sharifu, amwambie kwa mdomo wake kwamba aliyekataa ni yeye, na arudishe zile kanga.

Devotha alibadilika uso, na kwa muda mfupi ilionekana kama atakubali. Kisha akatazama huku na huku kama kuna mtu anayesikiliza. Alisema kanga moja ameshampa mama mchungaji, ataidaije? Na huyo mzee atamwambia nini, kwamba mwenyekiti mzima wa kwaya anapokea vitu vya wakwe za watu?

"Ungesema tangu mwanzo, Mama Wema," alimaliza, akiuweka mfuko mezani. "Sisi ni binadamu. Tungekuelewa."

Akaenda zake kununua nyanya.

Jumatano simu iliita akiwa sokoni. Ilikuwa Wema, na nyuma yake mtoto alikuwa analia kwa sauti nyembamba. Ilikuwa mara ya kwanza Marietha kuisikia sauti hiyo, na kwa kitambo hakusikia kingine. Wema akasema Fahadi ameamini kila kitu, amemwombea kwa mjomba siku mbili nzima. Mjomba naye hakatai kwamba aliyekuwa getini alikuwa mwanamke mwingine. Marietha akamwambia aseme tu alichoamua mjomba.

"Anasema mtu anayekuja kumwona mjukuu wake hampi mwingine kofia yake. Anasema kama uliitoa kwa mkono wako, basi umejibu. Arobaini ni Jumapili, mama. Amesema usije."

Mezani, kofia ya utepe wa kijani ilikuwa imefunguka yenyewe ndani ya mfuko wake. Mteja mmoja, mwalimu anayehamia Mnazi, alikuwa ameshaitoa, anaigeuzageuza, anauliza kwa ishara kama inakunjika. Marietha akatikisa kichwa kuwa ndiyo.

"Mama, unanisikia?" Wema aliuliza.

"Nakusikia, mwanangu," Marietha alisema. "Naelewa."