Pumzi ya Nyumba Namba Arobaini na Moja

Mtaani walimwita Mama Pumzi, na jina hilo alipewa na watu wazima, si watoto. Kila baada ya miezi mitatu alipita na mkoba wake wa bluu kwenye nyumba sitini, zile zile, akauliza maswali yale yale: nani hapa anavuta, nani ameacha, nani anatafuna tumbaku, nani anakohoa akiamka. Kisha alitoa kidude cheusi kinachoenea kiganjani, akakichomekea mrija mpya wa karatasi, akasema, "Vuta pumzi, ibane, usiachie mpaka nikwambie." Alihesabu kumi na tano kwa midomo bila sauti. "Haya, puliza polepole mpaka iishe." Namba ya moshi uliomo kwenye pumzi ikatokea. Asiyevuta alipata moja, mbili, tatu. Ikifika kumi, hata mtu aape mpaka jasho limtoke, Mama Pumzi alimtazama tu.

"Huyo mdudu wako mbea," walimtania. "Hajui kutunza siri."

"Hana mdomo," alijibu. "Ana namba."

Zamani alikuwa mfagiaji wa zahanati. Shule aliiacha mapema, lakini mwandiko wake ulisomeka, na alijua mlango upi una mbwa na upi una mama mkwe mkali. Watafiti walipokuja kutafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba kwa miaka mitano, kuangalia tumbaku inawafanya nini watu wa kawaida, daktari wa zahanati aliwaambia, "Mchukueni huyu. Haongei sana, ila hakuna kinachompita."

Sasa mumewe alikuwa amekufa, na wiki ya tano ilikuwa inaisha.

Mumewe alikuwa fundi saa, na hata ndugu zake walimwita Fundi. Alikufa kwa mapafu, kidogo kidogo, kwenye chumba cha mbele pale pale alipokuwa na meza yake ya kazi. Mama Pumzi hakulia siku ile wala siku za baadaye. Hakujizuia. Alikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya: upo, unauona, ukiugusa haujibu. Asubuhi aliamka, akafagia, akakaa. Wenye saa zao walikuja kuziulizia, naye alifungua droo, akasoma karatasi iliyofungwa kwenye mkanda, akawapa. "Hii hakuifikia," alisema. Watu walipokea saa zilizokufa kwa mikono miwili, wakamwambia pole, wakaondoka haraka kana kwamba wameiba.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa bado yupo nyumbani tangu msiba. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyotulia. Jioni moja, akikunja nguo, alisema, "Wifi, yule binti wa ofisini kwenu atakuja lini?"

"Keshokutwa."

"Na utamwambia nini?"

Wote wawili walijua kinachoulizwa.

Kazi yao ilikuwa na fomu ya watu waliokufa. Mtu aliyemo kwenye utafiti akifariki, kati ya wiki ya nne na ya nane lazima mdodosaji aende akamuulize aliyekuwa karibu naye: aliumwa nini, kwa muda gani, alivuta mpaka lini. Wenyewe waliiita fomu ya msiba. Mama Pumzi alikwisha kujaza tano kwa mkono wake. Ya sita ilikuwa inamfuata yeye, na safari hii yeye ndiye wa kujibu. Kwa sababu nyumba namba arobaini na moja ilikuwa nyumba yake.

Hakuna aliyeichagua. Walihesabu milango, wakachukua kila wa saba, na wa kwake ukaangukia humo. Kanuni ilisema mdodosaji hajipimi wala hapimi watu wake, kwa hiyo mzunguko wa kwanza alikuja mwenzake, binti mmoja mchangamfu waliyemwita Bi Kalamu maana hakosi kalamu masikioni. Fundi alipuliza akapata ishirini na nne, akacheka. "Ningefanya mtihani wa shule hivi, leo ningekuwa waziri."

Mzunguko wa pili Bi Kalamu alikuwa amejifungua. Akapiga simu: "Dada, si unalala naye nyumba moja? Mjazie tu hiyo moja, nani atajua?" Ndivyo ilivyoanza. Jioni ile Mama Pumzi alimpa mumewe kidude. Fundi alibana pumzi, akafika kwenye nane, kikohozi kikamkamata mpaka akainama chini ya meza. Akajaribu tena. Akatapika.

"Niache leo," alisema. "Kifua kimenibana."

Kisanduku cha namba kikabaki kitupu. Mtu wa kazi nyingine hawezi kuelewa mdodosaji anavyokiogopa kisanduku kitupu. Fomu inarudishwa, msimamizi anapiga simu, na nyumba ikikosa namba mara mbili inafutwa kabisa. Mama Pumzi hakuwahi kurudishiwa hata fomu moja. Alikaa pale, mrija tayari umechomekwa, mume anapangusa mdomo, na bila kufikiri sana akabana pumzi yake mwenyewe, akapuliza. Mbili. Akaandika mbili.

Kisha akakuta swali la juu limemkodolea macho. Namba mbili haikai na "anavuta". Ofisini wangeona mara moja, wangeirudisha. Akaweka alama kwenye "ameacha".

"Nimeacha?" Fundi alichungulia karatasi. "Hongera kwangu!"

"Basi acha kweli, tusiwe waongo."

"Nitaacha. Miezi mitatu ni mingi."

Hakuacha. Alihamia nyuma ya bafu, akawa anarudi anatafuna majani ya mpera. Mama Pumzi akapuliza mzunguko wa tatu, na wa nne, na ikawa mazoea ya nyumbani kama kuzima taa. Mara kumi na moja, maana Bi Kalamu aliporudi kazini hakuiulizia tena nyumba ile. Fundi alikuwa akimwita kwa sauti kutoka chumba cha mbele: "Njoo unipumulie, wakubwa wanasubiri!" Walicheka. Ilikuwa moja ya vitu vilivyowachekesha bado.

Tatizo ni kwamba habari haikubaki kwenye karatasi. Mtaani walijua Fundi ameacha, maana yeye mwenyewe hakukana, na mume wa Mama Pumzi atakosaje kuacha? Mchomeleaji wa geti la tatu, waliyemwita Cheche, aliacha kwa kumfuata. Aliteseka mwaka mzima, akanenepa, akagombana na kila mtu, lakini akashuka kutoka kumi na tisa mpaka tatu, na kila mzunguko aliitangaza namba yake kwa wapita njia.

Siku ile ya kukunja nguo, Mama Pumzi alikuwa amemkuta Cheche mbele ya karakana yake ana sigara. Aliishika kati ya kidole cha kati na cha pete, maana cha shahada kilikwisha kuungua zamani na hakikunji.

"Shemeji, usinitazame hivyo," Cheche alisema. "Mwenzangu aliacha miaka mitatu. Yuko wapi? Kama mwisho ni ule ule, acha nifaidi."

Mama Pumzi alitafuta ndani yake kitu cha kuhisi, hakukipata. Aliona tu kwamba pakiti imebaki nusu, na kwamba ni saa nne asubuhi.

"Wifi, nisikilize," dada wa marehemu alisema sasa, nguo zimekwisha. "Mwambie aliacha. Kaka yangu amelala, hana hasara. Wewe ukisema vingine unamwaga unga wako mwenyewe. Halafu watu watasema Fundi alikuwa mwongo. Ndiyo unachotaka?"

"Sitaki kitu."

"Basi si ndiyo rahisi!"

Keshokutwa yake Bi Kalamu alikuja na kalamu mbili, moja sikioni. Alikaa kwenye kiti cha wateja wa saa, hakujua aweke wapi uso.

"Dada, mimi nasoma tu maswali. Ukichoka tunapumzika."

"Soma. Nayajua."

Akasoma. Kikohozi kilianza lini? Mwaka juzi, kabla ya mvua. Kilikuwa na damu? Mwishoni. Alikonda? Suruali alifunga kwa kamba. Alikuwa akilala ameketi? Miezi minne. Mama Pumzi alijibu kama anayesoma ubao, na majibu yalikuwa mafupi, yanaenea kwenye visanduku. Wifi alisimama mlangoni, ameshika fremu.

"Marehemu alikuwa anavuta?" Bi Kalamu alikuwa tayari anasogeza kalamu. "Hapa naandika 'aliacha', si ndiyo? Karibu miaka mitatu..."

"Hakuacha."

Kalamu ikasimama.

"Alivuta mpaka wiki ya mwisho. Kumi na mbili kwa siku, wakati wa baridi kumi na tano. Alipokosa nguvu ya kusimama nilimwashia mimi."

"Dada." Bi Kalamu aliteremsha sauti. "Hili nimelisikia au sijalisikia?"

"Andika."

"Lakini namba zake ni mbili, mbili, tatu, mbili. Nimezipitia jana."

"Ni zangu. Nilikuwa napuliza mimi."

Wifi alisonya, akaingia ndani, vyombo vikasikika vikigongana. Bi Kalamu alikuwa amekuwa mwekundu machoni. Alijua simu ile ni ya nani, na nani alisema mjazie tu. "Utanitaja?" aliuliza.

"Wameniuliza habari za mume wangu," Mama Pumzi alisema. "Hawajaniuliza habari zako."

Msimamizi alikuja mwenyewe siku ya pili. Alikuwa mtu mpole aliyezoea kuvua viatu hata pasipo lazima. Hakufoka. Aliomba mkoba, kitambulisho, kidude na mirija iliyosalia, akavihesabu vyote na kuandika.

"Ungenyamaza nisingejua," alisema.

"Ndiyo."

"Unaelewa kwa nini siwezi kukuacha? Tunataka kujua walioacha wanapona kiasi gani. Mtu aliyevuta mpaka mwisho akikaa upande wa walioacha, anawasemea wote uongo. Mmoja tu. Na sasa nyumba zako sitini inabidi zipitiwe upya, namba zako za nyuma ziwekwe kando."

"Nyingine zote ni za kweli."

"Najua, mama. Lakini mimi kujua haitoshi."

Aliondoka na mkoba wa bluu kwapani. Mama Pumzi alisimama mlangoni, akangoja maumivu kama mtu aliyejigonga kidole anayejua yako njiani. Hayakuja. Wifi alikuwa hasemi naye. Mama Pumzi alichukua khanga, akatoka.

Cheche alikuwa na geti la mtu, limeegemezwa ukutani, nusu limeungwa. Alipomwona alivua kinyago cha kuchomelea.

"Shemeji, sijaita kipimo."

"Sina kipimo tena. Nimekuja kukwambia kabla hujaambiwa. Fundi hakuacha."

Cheche alicheka, kisha akaacha kucheka. "Hakuacha nini?"

"Sigara. Hakuacha hata siku moja. Alivutia nyuma ya bafu. Namba nilikuwa napuliza mimi."

Mchomeleaji alijaa damu usoni. "Kwa hiyo mimi nilikonda roho mwaka mzima, napigana na mke wangu, nikimfuata mtu anayevuta bafuni? Na wewe unakuja na mkoba unaniambia hongera Cheche, tatu?"

"Tatu ilikuwa yako. Ulipuliza mwenyewe."

"Nitajuaje?"

"Hutajua. Wanakuja wengine kupima upya."

"Watakuta ishirini!" Aliutupa mfuko wa vyuma chini, ukalia. "Ishirini, shemeji! Kwa ajili yenu!"

"Ndiyo."

Cheche alikuwa anangoja Mama Pumzi ajitetee. Alipoona hajitetei, hasira ikakosa pa kushikia. Akapangusa uso kwa mkono wa shati, akaukalia mtungi wa gesi uliolala.

"Alikufaje?" aliuliza. "Nilikuja mara mbili mkaniambia amelala."

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Fomu iliuliza wiki na miezi. Mama Pumzi akamwambia: kwamba siku tatu za mwisho Fundi hakuweza kumaliza sentensi, akawa anasema neno moja, anapumzika, anasema jingine, na mtu inabidi ayaunge. Kwamba alikuwa anafungua mdomo kama anataka kuuma kitu. Kwamba alitaka dirisha lifunguliwe, likafunguliwa, akazidi kutaka lifunguliwe. Aliomba sigara siku ile ile, akawashiwa, hakuweza kuivuta, ikaungua peke yake mkononi mpaka ikatolewa. Mama Pumzi alisema yote kwa sauti ile ile ya maswali, bila kupanda wala kushuka.

Mkono wa Cheche ulikwenda mfukoni kwenye pakiti, ukakaa humo, haukutoka nayo wala haukuiacha.

"Na alisema nini? Yale maneno."

"Mengi sikuyaunga."

Mwenye geti alitokea upande wa pili wa barabara, akanyoosha mkono kuonyesha saa. Cheche akainuka, akavaa kinyago, kisha akakiinua tena.

"Usiondoke. Nikimaliza hili utanieleza tena, tangu mwanzo. Kaa hapo kwenye ndoo. Geukia ukutani, usitazame moto, utaumia macho."

Mama Pumzi akaigeuza ndoo, akakaa, akatazama ukuta.