Beringi ya Mutamaiyu

Mwaka ule kahawa iliiva kwa wingi katika shamba la Ruiru tulikokuwa vibarua, na mashine ya kumenya ikaharibika katikati ya mavuno. Beringi ya shaba iliyoshika mhimili wake ilikuwa imepasuka. Nyingine ilibidi iagizwe Uingereza, ije kwa meli. Kahawa iliyochumwa haingoji. Ikilala bila kumenywa huchacha, na harufu yake tulikuwa tumeshaanza kuisikia.

Akaitwa fundi mmoja Kalasinga kutoka Thika. Aliitazama ile beringi, kisha akatugeukia sisi wachumaji.

“Nataka mti mgumu,” akasema. “Mgumu kuliko yote mnayoijua.”

Wanaume wakataja mvule, wengine muiri. Mama yangu, niliyechuma naye safu moja, akasema, “Mutamaiyu.”

Wanaume wakacheka, maana kwetu mutamaiyu, mzeituni wa porini, ulikuwa kuni tu. Mama hakubishana nao. Alikwenda nyumbani akarudi na gogo mgongoni, limekaushwa na moshi wa jikoni miaka mingi kwa sababu shoka lilikuwa limeshindwa kulipasua.

Fundi akaligonga kwa nyundo, likalia kama chuma. Akapigilia msumari, ukapinda. Akakata kipande kwa shida, akakitumbukiza kwenye pipa la maji. Kilizama moja kwa moja, kikatulia chini. Nilikuwa nimebeba kuni tangu utotoni, na sikuwa nimewahi kuona mti mkavu ukizama. Hakuna aliyecheka tena.

Alifanya kazi kutwa nzima, kila mara akisimama kunoa msumeno. Ndani, mti ulikuwa na rangi ya asali, umepitiwa na mistari myeusi. Alichonga nusu mbili za beringi, akazichemsha katika mafuta, akazifunga kwenye mashine. Mkanda wa mashine ulipoanza kuzunguka tulingoja moshi wa mti kuungua. Haukutoka.

Beringi ile ilifanya kazi hadi mwisho wa mavuno. Ya Uingereza ilipofika, fundi akaifungua ile ya mti. Ilikuwa imesuguliwa ikawa laini kama kioo, na mhimili haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Aliigeuzageuza mkononi, kisha akamwita mama.

“Mama, nionyeshe mti wenyewe.”

Enzi hizo za Hali ya Hatari hatukuruhusiwa kwenda mtoni ovyo, kwa hiyo fundi ndiye aliyetuombea ruhusa. Tulimpeleka kwenye mawe ng’ambo ya mto. Mutamaiyu ulisimama pale, mfupi, umepinda, majani yake madogo. Ningeweza kuupita kila siku bila kugeuza shingo, na kwa kweli nilikuwa nikiupita.

Fundi akaweka kiganja kwenye gome lake.

“Mti huu una miaka mingapi?”

“Nyanya yangu aliukuta hivi hivi,” mama akajibu.

Fundi akatikisa kichwa polepole, mkono wake ukabaki pale. Nami nikasogea, nikaugusa.