Kwata Juu ya Daraja

Mimi ni mwoga, na kazi ya uinjinia imenizidishia woga. Siku chama chetu cha wahandisi kilipopongezwa mjini Kasulu kwa miaka yote ambayo kimeitumikia nchi, nilitoka Kibondo alfajiri nikihofia hotuba tu. Sikujua kwamba kamati imepanga matembezi, wala kwamba yatavuka daraja langu la waenda kwa miguu, lile la kuning'inia kwa kamba za chuma, ambalo ujenzi wake niliusimamia mwenyewe.

Nilipofika niliambiwa niwasubiri ng'ambo, penye jukwaa, kuwapokea. Mbele ilikuja bendi ya matarumbeta, nyuma yake mainjinia, wazee kwa vijana, suti na kofia ngumu, vifua mbele. Ngoma iliwakolea. Walipofika mtoni walikuwa wanapiga kwata hasa, mguu pamoja, kama askari.

Mwanafunzi wa uinjinia hufundishwa mapema: watu wasivuke daraja la namna ile kwa hatua moja, maana daraja huanza kuitikia mdundo wa miguu kwa kuyumba, na likiitikia sana hukatika. Wote wale walilijua hilo. Wengine walilifundisha. Lakini kinyozi hajinyoi.

Niliona sakafu ikipanda na kushuka. Nikashika kamba, nayo ilikuwa inatetemeka. Nikapiga kelele:

"Acheni kwata! Tembeeni ovyo!"

Matarumbeta yaliimeza sauti yangu. Nikaingia darajani mikono juu. Mwenyekiti wa tawi, mzee aliyenifundisha kazi, aliniona. Akatazama miguu yake, uso ukamsawijika. Akamshika mpiga ngoma mkono.

"Kila mtu na hatua yake," alisema. "Taratibu, bila ngoma."

Wakaja wakipepesuka, huyu hatua fupi, yule ndefu. Niliporudi ukingoni, mama mmoja muuza ndizi alikuwa anawatazama.

"Mwakeye, mama injinia," alinisalimu. "Wakubwa hawa wamekunywa asubuhi yote hii?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Mzee alifika akasimama kando yangu. Jukwaani walikuwa wanamwita apokee ngao ya chama.

"Lingebeba?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui, mzee."

"Na mimi sijui."

Walimwita tena. Hakwenda. Tulibaki pale tukiwatazama wenzetu wakivuka, mpaka wa mwisho alipokanyaga udongo.